Blanketi la Bibi na Kanzu ya Mshenga

Mama mkwe wangu, Bibi Mashavu, anashona kwa plaizi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akanikatiza katikati kwa maswali. Watu wengine hushona kwa sindano na mkasi. Yeye hushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, pamoja na gunzi la mahindi na plaizi ya mume wangu Mustafa. Plaizi hiyo ni ya kukazia nati za pikipiki, na kila asubuhi Mustafa huitafuta huku akiwalaani wezi wa Chanika nzima, hapa kwetu Handeni. Wezi wa Chanika hawana hatia. Plaizi iko chini ya mto wa mama yake.

Hakuanza na ushonaji. Alizaliwa Kwamsisi, na tangu usichana kazi yake ilikuwa kusuka mikeka ya ukindu. Kila mjukuu aliyeoa au kuolewa aliondoka na mkeka wa Bibi. Ilikuwa mizuri kiasi kwamba wakwe wengine waliitundika ukutani, jambo lililomkera sana, maana kwake mkeka usiokaliwa ni sawa na sufuria isiyopikiwa. Kisha ugonjwa wa viungo ukamjia. Ulianza magotini, ukahamia viwikoni, ukamalizia kwenye vidole na kuvikunja kama tangawizi. Ukindu ukamshinda. Siku moja nilimkuta uani na ukili alioanza kuusuka uko mapajani, hasuki, anautazama tu.

Nikamwambia, "Mama, pumzika. Umefanya kazi ya kutosha."

"Mama Muhsin," akanijibu, "anayepumzika ni aliyechoka. Mimi sijachoka. Nimefungwa."

Lililomuuma zaidi ni habari ya Muhsin. Huyu ni mwanangu wa kwanza, na Bibi anampenda kuliko wajukuu wote, tena hafichi. Humwita "mume wangu," naye Muhsin humwita "mke mkubwa," utani wao wa siku zote. Basi Muhsin akapata mchumba, Yusra, binti wa Ngombezi kule Korogwe, ambako baba yake anafanya kazi kwenye shamba la mkonge. Tulipompa Bibi habari tulingoja kigelegele. Hakupiga. Aliigeuza mikono yake, akaitazama mbele na nyuma.

"Wote wameondoka na kitu kilichotoka kwenye mikono hii," alisema. "Mume wangu peke yake ndiye ataondoka hivihivi."

Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo vitunguu nilivyokuwa nakata vilinisaidia kujificha.

Muuguzi wa hospitali alimwambia kwamba vidole vikiachwa vitazidi kuganda, kwa hiyo avishughulishe na kazi ndogondogo. Bibi alitoka pale na tafsiri yake mwenyewe. Njiani tulipita kwa fundi cherehani, akaona furushi la vipande vilivyobaki, vile ambavyo watu hujazia mito. Akaliomba. Fundi akampa bure, akidhani bibi wa watu anataka mto. Laiti angejua alichokianzisha, angelichoma moto lile furushi.

Mwanzo ulikuwa wa taabu. Sindano ya kawaida ilimponyoka kila mara, na ya kwanza kupotea tuliipata kwa msaada wa Mustafa, alipoikalia. Ndipo Bibi akaomba shazia. Shazia ilishikika, lakini haikupenya. Akatafuta gunzi, akaliweka kiganjani ili asukumie kitako cha sindano bila kujitoboa. Sindano ikapenya, lakini haikutoka upande wa pili. Hapo ndipo plaizi ilipoingia katika ukoo wetu. Gunzi linasukuma, plaizi inavuta, na Bibi katikati anatukana kwa sauti ya chini.

Vilivyokuwa vinatukanwa ni vidole. Alikuwa amevipa majina. Kidole gumba alikiita Mwenyekiti, kwa sababu hakipindi kwa ajili ya mtu yeyote wala hakitaki kutoka mahali pake. Cha shahada alikiita Mama Muhsin, nami nilipouliza kwa nini, akasema ni hodari wa kunyooshea wenzake. Cha kati kilikuwa Mustafa, kirefu na hakifanyi kitu. Cha pete kilikuwa Marehemu, yaani mumewe, kwa kuwa kilikufa ganzi kabisa, ukikichoma hakisikii. Cha mwisho kilikuwa Muhsin, ndicho pekee kilichomtii. Basi ungepita uani jua likishapata joto, saa ambayo viungo vyake hulegea kidogo, ungemsikia: "Mwenyekiti, sogea! Mustafa, usilale! Marehemu, wewe endelea kupumzika." Wageni waliosikia walidhani kuna kikao.

Na alikuwa anacheka. Hilo ndilo lililonishangaza mimi, niliyemzoea na ule ukimya wake wa ukindu. Kila kipande kilichokubali kukaa jirani na mwenzake kilimchekesha. Maua makubwa aliyaunganisha na mistari, mistari na sare ya shule, sare ya shule na pazia la zamani. "Tazama hawa," aliniambia, "wanachukiana, lakini watalala kitanda kimoja mpaka kufa." Niseme ukweli, lile tandiko la viraka lilikuwa baya. Hakuna kona iliyokutana na kona. Na kila mahali plaizi ilipouma kitambaa iliacha alama za meno, ungedhani limewashinda panya.

Furushi la fundi lilipokwisha, njaa ya vipande ikaingia nyumbani. Kwanza ukapotea mfuko wa shati la Mustafa, mfuko peke yake, shati likabaki. Kisha pazia la chumba cha wageni likawa fupi, likaanza kuonyesha miguu ya wageni. Halafu nikafungua sanduku langu nikakuta kitenge changu cha sare ya harusi ya dada yangu kina dirisha la mraba katikati. Niligomba. Niligomba mpaka majirani wakazima redio wanisikilize mimi.

Bibi alisubiri nimalize. "Umenona, Mama Muhsin," alisema kwa upole. "Kile kitenge kilikuwa hakikutoshi tena. Nimekupunguzia uchungu."

Nilichofanya baada ya hapo ni kufunga sanduku kwa kufuli.

Siku za kupeleka mahari zilipokaribia, Bibi akatuita ndani, akalitandaza tandiko lake kitandani. Vipande juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini. Lilifunika kitanda chote na kushuka mpaka sakafuni.

"Hili," akatangaza, "ndilo blanketi la bibi."

Kila mtu anajua kwamba katika mahari kuna vitu vya heshima: mkaja wa mama, kilemba cha baba, na blanketi la bibi, ambalo upande wa mume humpelekea bibi wa binti kumshukuru kwa kulea. Huwa ni blanketi jipya la dukani, bado limo kwenye mfuko wake wa nailoni wenye zipu. Hakuna aliyewahi kupeleka viraka ukweni.

Mustafa akajikuna kisogo. Aliyepata sauti ni Mzee Awadhi, mshenga wetu, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye kanzu moja nyeupe anayoivaa kwa posa na mazishi, na maneno mengi anayoyavaa kila siku.

"Dada Mashavu," alisema, "kazi ni kubwa, nakiri. Lakini tukiwapelekea viraka watasema tumewapelekea umaskini wetu umekunjwa. Na bibi wa kule, Bibi Rehani, si mtu wa mchezo. Nasikia kuna mshenga alimrudisha mlangoni kwa sababu ya viatu vyenye vumbi. Tukimuudhi huyo, mahari inarudi na Muhsin anabaki na barua yake ya posa."

"Yule binti anampenda Muhsin," alisema Bibi.

"Yeye ndiyo. Lakini anayesema ndiyo kwa ukoo ni bibi yake."

Mustafa na Mzee Awadhi wakaenda kununua blanketi la dukani, zito, lenye picha ya chui. Mustafa alikuja kumwambia mama yake mwenyewe, akasema, "Mama, lako tutalitumia sisi hapa nyumbani." Bibi alilikunja lile lake taratibu, akaliweka magotini, akaanza kushona pindo upya kwa uzi wa katani, uzi ambao hata ng'ombe haukati. Vidole hakuvitukana siku hiyo. Nilimkasirikia Mustafa hadi mchuzi wake ukakosa chumvi.

Asubuhi ya mahari Mzee Awadhi alifika mapema, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Akaketi kwenye benchi karibu na Bibi, akapewa kahawa, akaanza kutuonyesha hotuba atakayoitoa ukweni. Ilikuwa hotuba ndefu, imejaa jogoo na kuku aliyepotea na kisima chenye maji matamu. Bibi alikuwa pembeni yake anashona, anaitikia "naam, naam," gunzi linasukuma, plaizi inavuta. Gari likapiga honi. Mzee Awadhi akasimama.

Blanketi nalo likasimama.

Lilimfuata hatua ya kwanza, likamfuata ya pili, likavuta na benchi. Bibi alikuwa ameshona pembe ya blanketi pamoja na upande wa nyuma wa kanzu, mshono mrefu, wa kwenda na kurudi.

"Dada Mashavu! Umenishona!"

Bibi akatazama vidole vyake kwa mshangao mkubwa. "Ni Marehemu huyu," alisema. "Hasikii ameshika nguo ya nani."

Kama ilikuwa bahati mbaya au ilikuwa makusudi, mimi sikuuliza, na mpaka leo siulizi. Nilichoona ni Mzee Awadhi anajizungusha mahali pamoja akijaribu kufikia mgongo wake, na Mustafa anakimbia ndani kutafuta mkasi. Bibi akainua mkono wake uliokunjamana. "Mkasi hautajwi siku ya mahari," alisema. "Ukikata kitu leo, umekata ndoa." Jambo hilo sijawahi kulisikia popote, si kwa Wazigua wala kwa Wasambaa. Lakini nani atabishana na bibi mzaa baba asubuhi ya mahari? Mzee Awadhi, ambaye anaogopa hata bundi wa kwenye picha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuurudisha mkasi ndani.

Basi wakalikunja, wakalibana chini ya koti lake kwa nyuma, wakamfunga mkanda. Akawa na nundu. Kwa kawaida mama wa bwana harusi hubaki nyumbani siku hiyo, lakini nilipandishwa garini ghafla, kazi yangu ikiwa kutembea nyuma ya mshenga na mtandio mpana ili kumziba. Nimesoma mpaka darasa la saba, nimelea watoto, nimelima, na sasa nikawa pazia.

Njia nzima mpaka Ngombezi Mzee Awadhi alikaa ameinama mbele, na kila gari liliporuka kwenye shimo alisema "inna lillahi." Kambini kwa wafanyakazi wa mkonge tulipokewa vizuri, mikeka imetandikwa, wazee wa pande zote mbili wameketi. Bibi Rehani alikuwa kwenye kiti, mdogo, mkavu, amejifunika kanga mpaka mikono haionekani. Macho yake yalianza kwenye viatu vyetu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Mbona unatembea umemgandama mshenga? Ana nini?"

"Mgongo, bibi."

"Pole yake," alisema, lakini macho hayakumwachia.

Hotuba ilitolewa kwa kuketi, jambo lisilo la kawaida. Jogoo alipita, kuku alipotea, kisima kilipatikana. Mkaja ukapokewa. Kilemba kikapokewa. Likaja blanketi la chui. Bibi Rehani akafunguliwa zipu, akamtazama chui, chui akamtazama yeye.

"Asanteni," alisema. "Ninao chui wengine kabatini. Huyu atapata wenzake." Akamsukuma pembeni kwa mguu.

Nikaona Mustafa anatokwa jasho. Blanketi la bibi likisukumwa kwa mguu, hayo si mapokezi. Mzee Awadhi naye akaliona, akataka kuokoa hali kwa maneno ya adabu, na kwa mazoea ya miaka mingi ya ushenga akasahau kila kitu na kusimama wima ili aseme vizuri. Mkanda ukakatika. Nilirusha mtandio, nikachelewa. Blanketi lote likafunguka nyuma yake na kuenea mkekani, maua, mistari, sare ya shule, pazia la wageni na kitenge changu.

Mtoto mmoja akapiga makofi. Mama yake akamshika mikono.

"Mshenga," alisema Bibi Rehani. "Geuka."

Mzee Awadhi, anayeamkiwa na mji mzima, akageuka.

"Rudi nyuma. Tena. Nisogezee."

Akarudi kinyumenyume hadi kwenye kiti cha bibi. Ndipo Bibi Rehani alipotoa mikono ndani ya kanga kulishika lile pindo, nami nikaiona. Ilikuwa mikono ileile. Vidole vilevile, vimekunjwa na kupindishwa, Mwenyekiti wake amegoma, Mustafa wake amelala. Miaka yake yote alianika nyuzi za mkonge kwenye kamba za shamba, zikiwa zimelowa, asubuhi za baridi.

"Uzi huu ni katani," alisema. "Naujua gizani. Na haya meno ni ya nini? Panya?"

Wanaume wakautazama mkeka. Nikajibu mimi.

"Plaizi, bibi. Ni mama mkwe wangu. Mikono yake inaumwa, sindano haitoki, kwa hiyo anaivuta kwa plaizi. Ndilo alilokushonea wewe. Hili la chui ni la hawa." Nikawanyooshea kidole cha Mama Muhsin.

Bibi Rehani alipapasa mshono, kona baada ya kona. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kukosa pumzi, akirudia "plaizi! plaizi!" na kujipiga goti. Alipotulia, macho yalikuwa na maji.

"Mimi waliniambia nipumzike," alisema. "Nimepumzika mpaka nimeoza. Kumbe kuna plaizi." Akalivutia magotini, na Mzee Awadhi akavutika nalo. "Mahari imepokewa. Hili ndilo blanketi langu. Chui mrudisheni kwao. Na harusi haifungwi mpaka huyo mwanamke aje anionyeshe anavyoshika gunzi. Sasa leteni mkasi tumtoe mzee wa watu."

"Usiutaje, bibi!" ilinitoka. "Mama amesema ukikata kitu siku ya mahari, umekata ndoa."

Alifikiri kidogo. "Kasema kweli huyo," alisema. "Mshenga, vua kanzu."

Mzee Awadhi alirudi Handeni amevaa ovaroli ya buluu ya baba yake Yusra, iliyomwishia kwenye magoti, na chui mapajani. Njia nzima hakutoa hotuba yoyote.

Tulifika Chanika jua linazama. Bibi Mashavu alikuwa uani palepale tulipomwacha, mikono mapajani. Alimwona Mzee Awadhi na ovaroli yake, hakucheka. Alinitazama mimi.

"Kalikataa?"

"Kalikubali, mama. Kalikubali pamoja na kanzu. Na anataka ukamfundishe."

Aliinua mikono yake hadi usoni, akaiangalia kama watoto wakorofi waliofaulu mtihani. "Mmesikia?" aliiambia. "Mwenyekiti, umesikia? Na wewe, Marehemu, umeamka leo?" Halafu akaibusu, mmoja baada ya mwingine. Hapo hapakuwa na vitunguu. Nililia mbele ya watu na sina aibu. Hata Mustafa alijifanya anakagua tairi.

Usiku uleule nilifungua kufuli ya sanduku. Kitenge chenye dirisha nikampelekea kizima, akate anavyotaka.

Harusi ilifungwa Ngombezi. Bibi tulimpeleka mapema, magoti yamefungwa vitambaa vya joto, na tangu alipofika hatukumpata tena. Yeye na Bibi Rehani walijifungia chumbani kwa bi harusi na furushi la vipande, na kilichosikika nje ni vicheko na matusi ya kutukana vidole. Bi harusi alivalia kwa jirani. Wakati wa picha ukafika, mpiga picha akaita, "Bibi wa bwana harusi!"

Bibi Mashavu akasimama. Bibi Rehani naye akasimama, hakuitwa. Wakapiga hatua pamoja, wakayumba pamoja, na kanga zao zikakaza katikati. Walikuwa wameshonana.

Watu wakapiga kelele, leteni mkasi. Wale bibi wawili wakageuka kwa wakati mmoja na kusema kwa sauti moja, "Mkasi hautajwi siku ya harusi!"

Picha ile iko ukutani kwangu. Muhsin na Yusra wako pembeni, wamesukumwa. Katikati wako bibi wawili ndani ya mshono mmoja, wamekenua, na Bibi Mashavu ameinua mkono wake uliokunjamana juu kabisa ili uonekane. Ameshika plaizi. Mustafa akiitafuta asubuhi, namwonyesha ilipo.